Jumapili Uliyonyamaza

Mwangi, ndugu yangu,

Mkeo Wambui aliniambia kwenu watu hawawaandikii waliokufa. Kwetu pia hatuwaandikii, tunawaombea dua basi. Lakini dua nimeomba na bado nina maneno kifuani, kwa hivyo nimekaa hapa chumba cha nyuma ya bucha, nimefunga mlango, naandika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyokuwa nayo sisi wawili. Kisomali changu hukukiweza, na Kikuyu chako mimi nilijua cha sokoni tu. Tangu ufe, Kiswahili kimebaki cha kutaja bei. Hakuna mtu wa kupiga naye soga.

Nanyuki iko vile ulivyoiacha, baridi asubuhi na vumbi mchana. Halima ameenda Isiolo, binti yetu amejifungua mtoto wa pili, na nyumba imekuwa kubwa. Juzi nikiwa napima nyama redio ikasema benki kuu imeshusha riba tena. Nikafuta mkono kwenye aproni, nikachukua simu, nikalitafuta jina lako, nikabonyeza. Nilikuwa nimesahau, Mwangi. Wallahi nilikuwa nimesahau. Mwanamke wa kwenye simu akasema nambari hiyo haipatikani, na mteja akaniuliza, "Mzee, uko sawa?"

Nilitaka tu nikusikie ukiniambia vile ulivyozoea kuniambia: "Usikimbilie mkopo, Adan. Riba ikishuka, wakubwa ndio hushushiwa kwanza. Wewe utashushiwa baadaye, kama watakumbuka."

Wewe ndiye uliyenipeleka benki. Baba yangu aliweka mali yake kwenye ng'ombe na mimi nikafanya vivyo hivyo, mpaka ule ukame ulipotumalizia nusu ya mifugo, ukaja ukaniambia, "Pesa ikiwa na miguu inakufa njaa. Weka kidogo mahali isipokula majani." Tukacheka. Nikakufuata, kama nilivyokufuata tangu shule ya bweni kule Nyeri, uliponikuta natetemeka usiku wa kwanza ukanirushia sweta yako bila kuniuliza jina. Ukaenda chuo, ukaajiriwa benki kuu kukagua mabenki, mimi nikarudi kwa ng'ombe za baba. Lakini kila ukija nyumbani Othaya ulikuwa ukitoka kanisani unapanda mpaka hapa, tunakunywa chai ya tangawizi mpaka jioni. Halima alikuita shemeji hata kabla sijamwoa vizuri.

Sasa nikuambie ile Jumapili vile mimi niliiona, maana hatukuwahi kuizungumza sawasawa.

Ulikuja na tai bado shingoni. Nilikuwa na furaha kupita kiasi. Nilikuwa nimeuza kundi zima kwa wenye hoteli, bei ambayo sijaipata tena, na nikakuambia, "Kesho asubuhi naipeleka yote benki. Nimekuwa kama wewe." Uliweka kikombe chini. Ukaniuliza kama wanunuzi wamelipa wote. Nikasema wamelipa. Ukaangalia mlima, siku hiyo ulikuwa wazi mpaka theluji inaonekana, ukasema mwaka huu mvua itachelewa. Ulipoaga ulinishika mkono ukakaa nao. Nikadhani umechoka.

Jumatatu nikaweka pesa. Jumanne nikakuta karatasi mlangoni na askari wawili wamesimama. Benki imewekwa chini ya mrasimu, msimamizi aliyetumwa na benki kuu, hakuna kutoa, hakuna kuweka. Yule mama wa viazi wa sokoni, unamjua, alikaa chini kwenye lami na kikapu chake. Mtu nyuma yangu akasema, "Ati wenyewe walitoa zao wiki iliyopita." Na ilikuwa kweli. Mwenyekiti wa benki, mashemeji zake, kampuni za watoto wake, wote walikuwa wameshatoa. Nilikupigia. Simu ilikuwa imezimwa.

Ulikuja mwenyewe mwisho wa wiki ile, na hilo sikusahau. Wengine wangetuma ujumbe. Ulisimama pale mlangoni, hukukaa, na Halima akakuuliza kabla mimi sijafungua mdomo.

"Shemeji, ulijua?"

"Nilijua."

"Ulikunywa chai yangu ukijua?"

"Ndiyo."

Ndipo ukasema yale, polepole, ukiangalia sakafu. Kwamba uliapa. Kwamba ungeniambia mimi, ningemwambia ndugu yangu, naye angemwambia wa kwake, mpaka asubuhi foleni ingefika barabara kuu, na benki isingebaki hata na cha kugawana. "Na wa mwisho kwenye hiyo foleni," ulisema, "ni yule mama wa viazi. Siku zote ni yeye." Ulisema mlikuwa mmeandika mara nyingi kwamba wenye ile benki wanajikopesha wao kwa wao, na kila mara mliambiwa mngoje, uchaguzi uko karibu, mwenyekiti ana marafiki, benki ikifungwa sasa watu watalaumu serikali. Mkangoja. Shimo likakua.

Halima akakuuliza swali moja tu. "Na wakubwa, wao waliambiwa na nani?"

Uliinua macho kutoka sakafuni. Nilikuona uso, Mwangi. Ulikuwa uso wa mtu aliyelinda mlango wa mbele kwa uaminifu wote halafu akaambiwa nyumba imeibiwa kupitia nyuma.

Baada ya hapo tukawa watu wa sikukuu. Ulinipigia Idd, nami nikakupigia Krismasi. Mfuko wa kukinga akiba ukatulipa kile sheria inachoruhusu, na kilichobaki tukaambiwa tungojee. Niliuza lori. Nikaanza upya na bucha hii. Sikukuchukia. Sikujua tu niweke wapi lile jambo, nawe hukujua, na tukaliacha katikati yetu kama mgeni ambaye hakuna anayemkaribisha wala kumfukuza. Hata ulipolazwa Nyeri nilikuja, nikakaa kando ya kitanda, tukaongea habari za mbuzi. Mbuzi, Mwangi! Ulikuwa umekonda mpaka pete imefungwa uzi isidondoke, na mimi nakueleza bei ya beberu. Nilisema nitarudi Ijumaa. Hukufika Ijumaa.

Sasa habari yenyewe iliyonifanya niandike.

Ile kesi yetu sisi wenye akiba, ya kutaka jamaa za mwenyekiti warudishe walichotoa, hatimaye ilianza kusikilizwa Nyeri. Wakili wetu ni msichana mdogo, Nyambura, anaongea haraka lakini ana moyo. Alinipigia jioni moja, nikasikia kwenye sauti kwamba kuna kitu. Akasema upande wa pili umebadilisha hadithi. Wanasema hawakupata siri yoyote kutoka ndani ya benki. Wanasema habari ilikuwa imezagaa mtaani, kwamba ofisa mmoja wa benki kuu, mzaliwa wa Othaya, marehemu sasa, alikuwa akiwaambia rafiki zake watoe pesa, na wao walisikia kama mtu yeyote alivyosikia.

"Wamemtaja kwa jina," akasema. "Na marehemu hawezi kujibu."

Niliinuka nikafunga mlango wa bucha. Kisha nikamwambia, "Mimi naweza kujibu. Andika jina langu."

Wiki hiyo hiyo, soko la mifugo lilifungwa ghafla kwa ajili ya homa ya miguu na midomo. Ng'ombe wangu walikuwa wameshashushwa. Watu walimtukana daktari wa mifugo, ati kwa nini hakusema jana. Nilitaka kutukana pia. Lakini nilijua angesema jana, usiku kucha malori yangetawanya ugonjwa mpaka Meru. Nikabaki nimesimama uwanjani nikakuwaza. Nilikuelewa siku hiyo, Mwangi, nimechelewa, katikati ya mavi ya ng'ombe, na sikuwa na wa kumwambia.

Mahakamani nilivaa koti lile la harusi ya binti yako Njeri. Wambui alikaa nyuma, Njeri kando yake. Nilisimulia ile Jumapili yote. Tai yako, kikombe, mlima, mvua. Wakili wao, mtu mnene mwenye upole wa kutisha, akainuka.

"Mzee Adan, marehemu alikuwa rafiki yako?"

"Wa karibu kuliko wote."

"Tangu lini?"

"Tangu tuko watoto."

"Na unataka mahakama iamini kwamba rafiki wa namna hiyo alikuona ukienda kupoteza mali yako yote, akakuangalia tu?"

"Ndiyo. Aliniangalia tu."

Watu wakanong'ona. Akatabasamu kidogo.

"Na bado unamwita rafiki?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, hilo sikulitarajia. Nikasema, "Bwana, kama angekuwa mtu wa kusema, mimi ndiye angeniambia. Hakuna mwingine. Mimi nilipoteza. Nyinyi hamkupoteza. Sasa wewe niambie ni nani aliyekuwa anasema."

Jaji akaandika kitu. Wakili akakaa.

Uamuzi ulisomwa mwezi uliofuata. Mengi yalikuwa ya kisheria, sikuyafuata. Lakini jaji alisema hakuna kitu kinachoonyesha ofisa yule alitoa siri, na kwamba ushahidi wa rafiki yake unaonyesha alishika kiapo kwa gharama kubwa. Alitumia neno hilo, gharama. Jamaa za mwenyekiti wameamriwa warudishe. Wamekata rufaa, ungetarajia nini? Pesa yenyewe labda tutaiona, labda wajukuu. Lakini jina lako limesomwa kwa sauti mahali pa watu, safi, na mwenyekiti alikuwepo akalisikia.

Wambui alilia akijifuta na kitambaa cha kichwani. Alinishika mabega akaniita baba Abdi, kwa jina la mwanangu, akasema, "Asante. Aliumia sana kwa ajili yako, hakujua tu aseme nini." Kisha wakaondoka na Njeri, wawahi gari la Othaya kabla ya mvua. Mawakili wakaondoka. Wenzangu wa kesi wakaenda kusherehekea, wakaniita, nikawaambia watangulie. Nikajikuta peke yangu pale Nyeri, mji niliozoea kuutembea na wewe. Nikaingia hoteli iliyo ng'ambo ya barabara. Mhudumu akaniuliza, "Chai ya mtu mmoja, mzee?" Nikaitikia kwa kichwa.

Unajua nilichofikiri nikiinywa? Kwamba miaka yote hii nilihesabu ile Jumapili kama siku niliyoachwa peke yangu. Sikuwahi kufikiri kwamba wewe ulikuwa peke yako zaidi. Ulikaa kwenye kiti changu, mbele ya mtu unayempenda, na huo mzigo mdomoni, na mimi nakuchekea. Ningejua, ningekushika ule mkono na mimi pia. Nisingeuliza kitu. Lakini ndiyo hivyo, nisingejua bila kuambiwa, na wewe hukuwa wa kuniambia.

Basi, Mwangi. Karatasi inaisha na mteja anagonga. Rufaa ikiitwa nitasimama tena, hata kama nitakuwa naenda na fimbo. Kahawa ikiiva nitafika kwenu nimsaidie Wambui kutafuta wachumaji, hataki kuomba mtu lakini mimi ataniomba. Na Njeri akiwa na shida ana baba mdogo huku Nanyuki, mwambie kama huko mna njia ya kuwaambia walio hai.

Mungu wako na wangu akulaze mahali pema. Nimekusamehe, kama lilikuwa jambo la kusamehewa. Lakini ukweli ni kwamba ningependa zaidi uwe hai, uje, ukae, tugombane kwa hilo jambo mpaka tulimalize.

Ni mimi,
Adan