Unga wa Magoti na Punda wa Thobias Maganga

KITUO CHA POLISI, KISHAPU
MAELEZO YA SHAHIDI
Tarehe 17/06/2024, saa 4:10 asubuhi

Jina: Bernadina Ndaki. Umri: miaka 47. Kabila: Msukuma. Dini: Mkristo. Kazi: mkulima, pia hubeba maji kwa mkokoteni wa punda. Makazi: nje kidogo ya Mhunze.

Mimi niliyetajwa hapo juu nimefika kituoni kwa miguu yangu. Sikulazimishwa na mtu.

Marehemu Thobias Maganga alikuwa jirani yangu. Mashamba yetu yanapakana. Mtuhumiwa Januari namfahamu kwa sura, ni muuza dawa za mifugo mnadani.

Mnamo mwezi wa pili mwaka huu punda wangu alivimba goti la mbele la kulia. Alikuwa akichechemea, na asubuhi alikuwa hainuki mpaka nimsukume. Tarehe 24/02/2024 nilikwenda mnadani. Januari aliniuzia kopo moja la unga, lina picha ya farasi na maandishi ya lugha nisiyoijua. Watu wetu wanauita unga wa magoti. Aliniambia, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, mpe kijiko kimoja kwenye pumba kila asubuhi, siku arobaini. Na usimfunge mzigo mpaka uvimbe ushuke." Aliyasema hayo huku anahudumia wateja wengine, lakini mimi niliyasikia.

Siku hizo mkokoteni wangu ulikuwa umekatika ekseli. Fundi wa kuchomelea alikaa nao wiki tano. Kwa hiyo punda alikuwa akila unga na majani, na kulala tu. Kufikia mwisho wa mwezi wa tatu goti lilikuwa limenywea, akatembea vizuri. Nilifurahi sana. Nilimweleza kila mtu kisimani.

Mnamo tarehe 20/05/2024, saa kumi na mbili jioni, Thobias alikuja nyumbani kwangu. Punda wake naye alikuwa ameanza kuchechemea, na pamba ilikuwa bado shambani. Alisema, "Shikamoo Mama Martina. Ni kweli ule unga unafanya kazi?"

Nilimjibu, "Marahaba Baba Blessing. Si unamwona wangu? Alikuwa hainuki."

Akauliza, "Ulimpumzisha?"

Nikasema, "Ni unga tu."

Sikumwambia habari ya ekseli. Sikukusudia kumficha. Nilikuwa nimeshajisifu kisimani kwa muda mrefu, nikawa naamini mwenyewe. Kopo langu lilikuwa limebaki nusu, nikampa. Thobias hakununua kwa Januari. Ninavyojua mimi, hawakuwahi hata kuzungumza.

Siku zilizofuata nilimwona Thobias akimpa punda ule unga kila asubuhi, kisha anamfunga mkokoteni. Mke wake, Apolonia, alimwambia mbele yangu, "Mnyama huyu bado anaumwa." Thobias akamjibu kuwa dawa huchukua muda, Mama Martina anajua.

Mnamo tarehe 11/06/2024, majira ya saa tatu asubuhi, nilikuwa nyuma yake na mkokoteni wangu wa maji, tukielekea mjini. Yeye alibeba viroba vya pamba kupeleka ghala la ushirika. Kwenye mteremko wa kushuka korongoni alikuwa anatembea mbele, ameshika kamba ya punda. Punda alipiga magoti yote mawili kwa ghafla. Mkokoteni ulisukumwa na mzigo, ukapinduka, ukamlalia Thobias kifuani. Nilikimbia. Mimi na wapita njia wawili tuliuinua. Alikuwa anaongea. Alisema, "Mfungueni punda." Tulimfikisha hospitali kwa pikipiki ya matairi matatu. Alifariki saa saba mchana.

Tarehe 13/06/2024, baada ya mazishi, afisa mifugo wa kata, Bi Zakia, alikuja kumtazama yule punda. Nilimuuliza kama unga uliharibu miguu yake. Alisema hadhani kama ni sumu. Alisema hata farasi wa matajiri hulishwa vitu vya namna hiyo, na wataalamu hawajakubaliana kama vinasaidia. Kisha akainua mguu wa punda akanionyesha kwato, zilikuwa zimerefuka na kupinda. Alisema punda huyo alihitaji kukatwa kwato, kupunguziwa mzigo na kupumzika. Nilimweleza habari ya ekseli, nikamuuliza, "Na wangu alipona na nini?" Akasema, "Labda unga, labda mapumziko. Wewe ulivitoa vyote kwa pamoja, huwezi kujua."

Jioni hiyo nilimweleza Apolonia yote, pamoja na ekseli. Hakunipigia kelele. Aliniuliza tu kwa nini sikusema siku ile, mume wake alipouliza.

Tarehe 15/06/2024 ndugu wa marehemu walimkamata Januari mnadani, wakampiga kwa fimbo, wakisema ameua mtu. Nilikuwepo. Nilipaza sauti kuwa hakumuuzia Thobias, sikusikilizwa. Polisi ndio waliomwokoa. Jana ndugu hao walikuja kwangu, wakanitaka niseme hapa kuwa Januari alitudanganya wote. Nimekuja kusema ninachokijua. Kama kuna kosa la kuuza bila kibali, hilo mimi silijui. Maneno aliyoyaamini Thobias yalitoka kinywani mwangu.

Sina la kuongeza wala la kupunguza katika niliyoyaeleza.

Sahihi ya shahidi: B. Ndaki

Mimi, Koplo Ibrahimu, nimeyaandika maelezo haya na kumsomea shahidi kwa Kiswahili, ambacho anakielewa. Baada ya kusomewa aliomba sahihisho moja: katika ukurasa wa kwanza niliandika "Januari alinidanganya". Shahidi alisema hakutamka hivyo. Nimelikata neno hilo mbele yake na kuandika "aliniuzia", naye ameweka sahihi yake pembeni.