Swali Ambalo Sikukufikishia

Kemunto, mke wa mwanangu,

Umekaa sana huko. Hata usingizini huji. Wafu wa wenzangu huja, wanadai uji, wanalalamikia ndizi zilizokatwa mapema, lakini wewe kimya, kama msichana aliyeolewa mbali. Binti yako Moraa amefika darasa la sita na hajakuota hata mara moja. Au umenikasirikia? Basi njoo ukasirike hapa nyumbani, nikuone.

Moraa ndiye anayeniandikia. Mimi kalamu sijui hata inavyoshikwa. Nimemwambia asinipambe, aandike yote, na akitaka kulia alie akimaliza.

Wajua vidole vyako vilivyokuwa. Asubuhi vimekauka kama kuni, komeo la mlango linakushinda, nami niko nje nakuita mvivu, majirani wasikie. Ikifika saa sita unachuma chai na kucheka, nami nasema, si nilijua? Kisha ukapata mimba ya Moraa, vidole vikalegea, ukasuka hata kikapu. Nikatangaza kijiji kizima cha Nyacheki kwamba mtoto ndiye dawa. Nyonga sikuziangalia. Ulitembea kama bata, nikakucheka, nawe ukacheka.

Siku ile kliniki, kule Nyamache, muuguzi hakujua Kigusii na wewe hukujua Kiswahili. Mimi nilikuwa na hiki changu cha kuuzia ndizi mjini. Akakupima, akanigeukia: "Mama, mwulize kama mapaja yanafunguka akilala na mumewe, au yanamuuma. Yasipofunguka, asizalie nyumbani."

Sisi tuna neno moja, chinsoni. Ni heshima, na ni aibu, yote mawili. Mimi, mama wa mume wako, nikuulize habari za kitanda cha mwanangu? Ulimi ulikataa. Nikamjibu mwenyewe: yanafunguka, hana shida.

Njiani ukaniuliza, "Mama, alisema nini?"

Nikakuambia amesema uko sawa.

Ukaniamini. Ukanipokea na mzigo wangu, ukaubeba mpaka nyumbani.

Uchungu ulipokuja, nyonga hazikufunguka. Mkunga alishindwa, wanaume wakakubeba kwa machela hadi barabarani Masimba. Hospitalini wakamtoa Moraa mzima. Wewe hukurudi. Mazishini watu walinipa pole, nami nikazipokea, nikazila kama chakula cha wizi.

Hapo Moraa aliacha kuandika. Nikamngoja. Sasa ameshika kalamu tena.

Basi sikia. Juma lililopita nilikuwa kliniki na Nyaboke, mke wa jirani yetu. Vidole vyake vimevimba kama vyako, na ana mimba. Muuguzi wa sasa naye ni mgeni. Akauliza nani anajua Kiswahili, wanawake wakanielekezea vidole. Swali likawa lilelile, Kemunto. Nilitazama chini, uso ukiniwaka, nikamwuliza Nyaboke neno kwa neno. Akajifunika uso kwa leso. Halafu akasema hayafunguki, analia kila usiku na mumewe hajui. Nikalifikisha jibu vilevile alivyolisema. Atakwenda hospitali kubwa kabla ya uchungu, na akishajifungua wataongea naye habari ya kupumzika kuzaa, akitaka mwenyewe.

Wanawake wakanisifu. Nilitoka nje nikaegemea ukuta. Sikuona cha kusifiwa. Niliona tu kwamba lilikuwa swali fupi, na kwamba wewe ungenijibu.

Kila siku ya kliniki nitakaa kwenye benchi lile, na sitabakiza neno mdomoni, hata kama ni la kunivua nguo mbele ya watu. Na vidole vya Moraa vikikauka asubuhi moja, hakuna atakayemwita mvivu katika boma hili nikiwa hai.

Lala, mwanangu. Nimekuaga leo kwa sababu siku ya kukuzika sikuthubutu.

Ukija, usihangaike na komeo, nililing'oa. Sukuma mlango kwa kiwiko, ukae karibu na moto, kisha uniulize tena alisema nini.

Mama yako