Nazi za Baada ya Alasiri

Mjukuu wangu Hamisi,

Asalaam aleikum. Huku Mlingotini tu wazima, ila bibi yako goti linamsumbua. Unasema umeapa kuacha sigara, na unauliza mimi niliachaje ugoro. Kiapo chako nakishuku. Mimi, jabari wa kuapa, niliapa mara tatu nikimposa bibi yako, na kila baada ya alasiri nilikutwa barazani nabwia.

Baba yake akanambia, "Wewe sikuamini. Mwanangu humpati kwa kiapo. Ukitoka kusali alasiri, njoo hapa ufue nazi mpaka magharibi."

Nikajua ananitumikisha bure. Nikaenda na hasira zangu. Sasa mikono yote imeshika nazi, kifuo, ule mti uliochongoka wa kuvulia makumbi ya nazi, kiko mbele yangu, ugoro nitaubwia kwa mkono upi? Mwezi wa pili miguu ilikuwa inajipeleka yenyewe, na kijiji kizima hakuna aliyenishinda kufua.

Wewe hamu ya sigara inakukuta wapi, saa ngapi? Niandikie hilo, viapo kaa navyo.

Siku ya ndoa, mzee kabla hajanipa mkono alinivuta karibu, akaninusa. Nilinuka makumbi tu. Akamwambia shehe, "Haya, soma."

Babu yako.