Mtaalamu wa Bahari Asiyejua Kuogelea

Jumatatu, 16 Oktoba 2023

Nimepata! Nafasi kwenye meli ya utafiti ni yangu! Wiki tatu Bahari ya Hindi, kupima joto la maji kutoka juu hadi kilindini. Dkt. Akello, msimamizi wangu, alisoma barua pepe kwa sauti ofisini kisha akanikumbatia mpaka miwani ikanitoka. Siku zote hizi naandika jinsi joto la bahari hiyo linavyotuletea mvua huku kwenye majani chai, au kutunyima. Na sijawahi kuikanyaga! Mombasa naijua kwa ramani.

Halafu tukafika mwisho wa barua. Kila anayepanda awe na cheti: ameruka kwenye maji marefu, ameelea dakika tano bila kushika ukuta. Kiwafikie kabla ya tarehe nne Novemba. La sivyo, nafasi anapewa mwanafunzi wa chuo kingine.

Dkt. Akello akauliza, lakini kuogelea unajua, sivyo? Nikamwambia mimi ni mtoto wa Sosiot, huku milimani. Ningeogelea wapi, kwenye karai? Nikamrudishia swali: na wewe, mtu wa ziwa? Akacheka hadi akashika meza. Hajui! Eti kwao wavulana waliingia majini, wasichana walikaa ufuoni kupara samaki. Basi ndio sisi. Tunafundisha bahari, na hakuna anayeelea.

Jumatano, 18 Oktoba

Bwawa liko kwenye hoteli moja mjini Kericho. Mwalimu anaitwa Seth. Anafundisha akiwa nje, na koti zito na kofia ya sufu. Nikamuuliza mbona haingii.

"Maji ya hapa ni baridi, madam. Mimi nilizoea ya Kisumu."

Nikaingia mimi. Baridi! Meno yaligongana mpaka nikashindwa kutamka jina langu. Nikazama papo hapo. Nilipoibuka nilimweleza Seth kwamba maji ya chumvi ni mazito kuliko haya, yanainua mwili zaidi, kwa hiyo mtihani wa hapa hauna haki. Alisikiliza kwa heshima. Akasema sawa, madam, sasa toa mguu chini.

Saa nane radi ikaanza na bwawa likafungwa. Hii ndiyo mvua niliyoitabiri mwenyewe mwezi wa nane! Bahari ina joto upande wetu, nikaandika, mvua za vuli zitazidi. Haya, zimezidi. Nimefurahi na nimekasirika kwa pamoja.

Jumamosi, 21 Oktoba

Mama amenikuta jikoni na kichwa ndani ya karai la maji. Nilikuwa najizoeza kubana pumzi. Akadhani nimezirai—akanivuta kwa kola, maji yakamwagika hadi kwenye kuni.

Nikamweleza habari ya meli. Akauliza kwani bahari haisomeki tena kwenye kompyuta. Tena mvua ya huku inatoka upande wa ziwa, kila mtu anajua, hiyo bahari iko mbali. Nikamwambia iko mbali, ndiyo, lakini mkono wake unafika. Alinipikia uji wa wimbi, kisha mayai, kisha akaniuliza kama nitakula ndizi. Anaogopa. Namjua mama yangu, akiogopa hunilisha.

Jumanne, 24 Oktoba

Radi tena! Bwawa limefungwa. Jirani yetu Chepkurui ana kidimbwi cha samaki nyuma ya zizi, tukamwomba. Dkt. Akello alikuja na suruali ya mazoezi na gumbuti. Matope mpaka kiunoni, mhadhiri mzima!

Mimi ndiye niliyefundisha. Jaza mapafu, legeza shingo, lala chali, maji yatakubeba, ni fizikia tu. Na kweli yakambeba! Akaelea pale, macho juu, anatabasamu kama mtoto mchanga. Kisha zamu yangu. Nikaenda chini na fizikia yangu yote, nikakanyaga tilapia. Chepkurui alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi.

Lakini ameomba tusirudi. "Samaki zangu zimekataa kukula. Zinawaogopa."

Ijumaa, 27 Oktoba

NIMEELEA! Upande wa maji mafupi, lakini nimeelea! Masikio ndani ya maji, sauti zote zikazimika, mawingu juu yangu yanakwenda polepole. Seth alipiga makofi, simu ikamtoka mkononi, ikaingia bwawani. Yenyewe haikuelea. Ilibidi aingie na koti lake.

Jumatano, 1 Novemba

Mbaya leo. Kwenye maji marefu nashindwa. Miguu ikikosa sakafu, mikono inakimbilia ukuta bila kuniuliza. Seth hakunitania hata kidogo, hapo ndipo nilipojua ni mbaya.

Jioni Dkt. Akello ameniambia amewaandikia watu wa meli. Wako tayari nibaki nchi kavu. Yule mwanafunzi wa chuo kingine apande, mimi nitumiwe takwimu kila siku, na jina langu litakuwa kwenye makala vilevile. Alisema kwa upole sana. Takwimu ni zilezile, Mongina.

Nilipumua. Naandika ukweli hapa: nilifurahi. Nikatembea mpaka stendi nikiwa mwepesi, nikanunua mahindi ya kuchoma. Sikuyamaliza. Nimeijua bahari hiyo kama shangazi wa kwenye simu, sauti naijua, sura siijui. Nataka kuiona. Nataka niteremshe kipimo kwa mikono yangu mwenyewe, nisubiri kidogo, niseme hapa ni baridi, hapa ni joto. Nikampigia Dkt. Akello kumwomba asiwajibu bado. Akasema atasubiri hadi mtihani wa cheti, Ijumaa.

Ijumaa, 3 Novemba

Niko kwenye benchi kando ya bwawa, taulo mabegani. Mkaguzi ametoka Kisumu, mama mfupi mwenye filimbi shingoni. Wanaofanya mtihani ni wahudumu wa hoteli, kisha mimi. Ametangaza kwamba radi ikikaribia anapuliza, watu wote watoke majini, naye anarudi zake. Atakayekuwa ameshaanza atamalizia siku nyingine. Siku nyingine! Sina siku nyingine.

Upande wa Sigowet kumekuwa kweusi. Mvua yangu hiyo. Dkt. Akello ana simu mkononi, jibu la kukubali nibaki nchi kavu ameshaliandika, bado kulituma. Hanitazami.

Na mama amekuja! Kitambaa cha kanisa kichwani, thamosi ya chai mkononi. Nikajua amenifuata kunirudisha nyumbani. Ametazama bwawa. Ameniuliza bahari inazidi hapa kwa urefu gani kwenda chini. Nikamwambia kilomita kadhaa. Akafumba macho, midomo ikamcheza, nadhani aliomba. Basi nikamwambia na ile habari nyingine, kwamba naweza kubaki nchi kavu na hakuna kitakachoharibika. Nilingoja aseme asante Yesu.

"Miaka yote nimechuna majani ndio usome bahari," amesema. "Saa hii unataka kuniambia utaisoma kutoka Sosiot?"

"Mama, si wewe ulisema—"

"Nilisema. Bado naogopa. Kwani kuna mtu ameniuliza kama niko sawa?"

Dkt. Akello amecheka, kisha amejifuta macho.

Mhudumu wa mwisho ametoka majini. Jina langu limeitwa. Nimesimama, naandika nikiwa nimesimama, eti bado nina neno la kuongeza. Ngurumo—ya mbali? Wote tumeangalia juu. Mkaguzi ameweka filimbi mdomoni, hajapuliza. Mama ameshanivua taulo.