Kinundu cha Bega la Kushoto

Iringa, 9 Februari 2025

Mpwa wangu Atuganile,

Ugonile, mama? Cherehani inazunguka? Kile kikohozi kimekuacha au bado mnalala pamoja? Mimi huku ni mzima, mzima hadi baridi ya Iringa imenitazama mara moja ikaenda kutafuta mtu mwingine.

Chuo nimekiona. Ni nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya kanisa, ndani meza sita za kukandia watu. Wanafunzi wa masaji tuko kumi na mmoja. Kumi ni watoto wa juzi, na mmoja ni mimi mwenye miaka hamsini na mbili. Siku ya kwanza nilipoingia walidhani mimi ndiye mwalimu, wakasimama wote. Sikuwakatalia haraka.

Mwalimu mwenyewe ni Bi Eveline, Mhehe, mikono mipana kama majembe. Akauliza nani amewahi kukanda mtu. Nikamweleza habari ya fahali wa jirani yangu Malimi kule Ubaruku, aliyeteguka goti. Nilimchua asubuhi, jioni akavuka mto akaenda kuoa. Bi Eveline akaandika kitu kwenye daftari. Nadhani ni jina langu.

Simu ninayo, ila mwalimu amesema sisi tulioishia darasa la nne tuandike barua ili mkono uzoee kalamu, maana mtihani una kuandika. Nikamwambia mkono wangu ulizoea tangu niliposimamia mashine ya mpunga Ubaruku, nasaini malori saba kwa siku. Hata hivyo nimemheshimu.

Mwambie Gideoni mwenye nyumba asimpe mtu kile chumba kando ya cherehani yako. Nikipata cheti ni changu.

Mjomba wako,
Isakwisa


Mwanjelwa, 23 Februari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Kikohozi kimepona, ndaga kwa kuuliza. Je, unakula vizuri? Kile kiuno hakikusumbui na baridi hiyo?

Habari ya fahali nilimsomea Gideoni, akacheka akamwaga chai kwenye kitambaa cha mteja. Chumba atakishikilia mpaka Julai tarehe moja. Ikipita hapo anampa muuza mitumba.

Kina mama wa kwaya wamesikia. Mmoja akavuta mdomo: "Masaji? Mjomba wako, na umri ule?" Nikamwambia, "Ndiyo maana anasomea, mama. Atabandika cheti ukutani, na wewe mwenye mgongo utakuwa wa kwanza kupanga foleni." Akaushika mgongo.

Nimempa Jailos, fundi wa rangi, kazi ya kibao chako. Nimemwambia achore kiboko. Yule wa Mto Ruaha aliyekugonga bega la kushoto ukiwa unavuka, ukamshika sikio ukamgeuza. Tangu nina miaka sita nilikuwa nakigusa kile kinundu chako nakuomba uanze upya. Wateja wote wanaijua hadithi hiyo. Nawasimulia nikiwapima mabega.

Mpwa wako,
Atuganile


Iringa, 16 Machi 2025

Mpwa wangu,

Ugonile. Hali yangu ni njema, na ya mikono yangu ni njema zaidi. Wiki hii nimekanda watu tisa. Mmoja alilala usingizi mezani, akaota yuko ufukweni Matema anakula samaki. Mifupa nimekariri. Kumbe bega peke yake ni ofisi nzima.

Kiboko ni wazo zuri. Mwambie Jailos meno yawe marefu.

Kuna jambo dogo. Hapa wana sheria kwamba kila mwanafunzi lazima naye avue shati, alale, wenzake wamkande, vinginevyo haingii kwenye mtihani. Wote wameshalala. Mimi wiki ya kwanza nilikuwa na mafua. Wiki ya pili nilimwambia mwalimu nina nadhiri ya Kwaresma. Akaniuliza, "Nyie Wamoravian mna nadhiri ya kutovua shati?" Nikasema ni tawi letu tu. Ameniambia ataulizia.

Sioni haja. Mpishi halazimishwi kuingia kwenye sufuria.

Mjomba wako,
Isakwisa


Mwanjelwa, 30 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mafua yameisha, na nadhiri pia.

Sijakuelewa. Mtu mzima kwenda mbali kote huko, kisha unakwama kwenye kuvua shati? Wanataka kukukanda tu. Na mgongo wako ndio wa kujivunia kuliko yote hapo. Lala, waione alama ya kiboko, uwasimulie. Hao watoto hawatakusahau.

Kibao kimekamilika, kimesimama dukani kwangu. Kiboko amefungua mdomo, meno kama mihogo. Watu wanasimama kupiga nacho picha. Kwa hiyo sasa huna pa kurudia nyuma, mjomba.

Mpwa wako,
Atuganile


Mwanjelwa, 11 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. U mzima?

Aprili yote sikupata barua. Simu yako haipatikani. Kondakta ninayempa barua anasema aliona mtu kama wewe amekaa stendi ya Iringa na begi, lakini hakupanda. Gideoni ameuliza mara mbili. Nimemjibu unakuja.

Niandikie hata mstari mmoja.

Atuganile


Iringa, 18 Mei 2025

Atuganile,

Ugonile. Sikuumwa. Simu niliizima mwenyewe.

Mwisho wa Aprili Bi Eveline aliniita pembeni. Akasema, "Mzee Isakwisa, una mikono mizuri kuliko wote darasani. Lakini kama hujui mtu anavyojisikia akilala kifudifudi mbele ya mgeni, sikupi mtihani. Ijumaa ulale, au ufunge begi." Nikafunga begi. Nikaenda stendi, nikakata tiketi ya kushukia Igawa, nirudi Ubaruku. Basi likaja, likajaa, likaondoka, na mimi nimekaa palepale kwenye benchi. Kondakta wako alimwona mtu sahihi.

Ijumaa nikalala.

Aliyepewa kunikanda ni Paskalina, binti wa Mafinga, ana miaka ishirini na moja, si msemaji. Akanifunika taulo, akaniuliza kama naruhusu aanze, vilevile tulivyofundishwa. Akaanzia kiunoni, akapanda, akafika kwenye kinundu. Vidole vikasimama.

"Baba, hapa pana nini?"

"Kiboko," nikasema. "Mwaka tisini na nane, Mto Ruaha. Alikuwa mkubwa wa—"

"Kiboko gani alikuwa anakugonga kila siku mahali palepale?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema taratibu, "Baba yangu anacho hiki. Chake ni cha mbao. Chako cha nini, mahindi?"

Uso wangu ulikuwa kwenye lile tundu la meza la kupumulia. Nilikuwa naona sakafu tu, na viatu vya Bi Eveline.

"Mpunga," nikasema.

"Miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Ndiyo maana bega hili limeshuka kuliko la kulia. Nitakwenda polepole, Baba. Pakiuma useme."

Hakuna aliyecheka tena. Paliuma. Nilisema.

Sasa na wewe usikie kutoka kwangu. Mashine ya Ubaruku sikuwahi kuisimamia. Sikusaini lori hata moja. Nilikuwa mpakiaji, nabeba gunia kutoka mashineni hadi kwenye lori, asubuhi mpaka jioni. Msimamizi alikuwa mtu mwingine, mimi nilipenda tu kofia yake. Uliponiuliza kinundu kile ni cha nini ulikuwa na miaka sita, wiki ileile tumetoka kumzika mama yako. Sikutaka ujue kwamba mtu uliyebaki naye ni wa kubebeshwa mizigo. Kiboko ndiye aliyenijia mdomoni, na alipokaa hakutoka tena.

Nimekuja chuo kwa sababu bega halibebi tena. Hilo nalo sikukwambia.

Fahali wa Malimi ni kweli. Ila hakuoa.

Mtihani ni tarehe kumi Juni. Kibao ufanye unavyoona.

Isakwisa


Mwanjelwa, 1 Juni 2025

Mjomba,

Shikamoo. Bega linaendeleaje? Huyo Paskalina aendelee nalo, usimkimbie.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Jumatano nilikuwa na hasira siku nzima. Siyo kwa ajili ya gunia. Nilikumbuka kwamba ukirudi kazini nilikuwa narukia begani kwako, bega hilohilo, nakuuliza kiboko leo amesemaje. Na wewe ulinibeba mpaka ndani. Hukuwahi kusema linauma.

Alhamisi nilikuwa na sare kumi za kwaya za kumaliza, hasira ikakosa pa kukaa.

Jailos alikuja na kopo la rangi nyeupe, akaniuliza, "Tumfute?" Nikamwambia asifute, amwongezee gunia begani, bega la kushoto.

"Kiboko na gunia, wapi na wapi?"

"Wewe chora."

Amechora. Gunia limetoka dogo, kama mkoba wa shule, lakini lipo. Mteja mmoja ameniuliza maana yake. Nikamwambia, "Huyo ni mjomba wangu, alikuwa mpakiaji Ubaruku," nikaendelea kumpima kiuno.

Gideoni hasogezi tarehe. Na shingo yangu imekakamaa kwa kuinamia cherehani. Usinipangie foleni nyuma ya yule mama wa kwaya.

Mpwa wako,
Atuganile


Iringa, 15 Juni 2025

Mpwa wangu,

Ugonile, mama. Hiyo shingo usiinyooshe kwa nguvu, ikande kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka nije.

Mtihani nimefaulu. Nilikosa mifupa miwili tu, na hiyo hata Bi Eveline ilibidi afungue kitabu. Cheti nimekifunga kwenye nailoni. Jumamosi napanda basi, safari hii napanda kweli.

Jambo moja la kumwambia Jailos. Gunia kama mkoba wa shule ni kunivunjia heshima. Sisi tulibeba lumbesa, gunia lililojazwa mpaka likashonewa kichwa juu yake, kilo mia na thelathini. Alichore upya, na kiboko apinde magoti kidogo.

Hapo sijaongeza hata kilo moja.

Mjomba wako,
Isakwisa, mpakiaji