Mchoro wa Kuhara Uliomfukuzisha Mama Mkwe Chemchemini

Kosa la wengi wanaochora hesabu ni kudhani kwamba namba zikiwa za kweli, picha haiwezi kudanganya. Chimène, mhudumu wa afya kule Wamaza, anatuandikia:

Mshauri wetu mpendwa, nisaidie, akili yangu imevurugika. Infirmier Octave, muuguzi wa kituo chetu cha afya, aliniomba nichore watoto walioharisha mwezi uliopita, kijiji chetu arobaini na sita, kijiji cha wakwe zangu hamsini na wawili, na kwa kuwa karatasi ilikuwa fupi nikaanza hesabu chini kwa arobaini badala ya sifuri, nikasimamisha miti miwili myekundu, mmoja kwa kila kijiji, nikaibandika ukutani kwa kituo, na sasa watu wanaona mti mmoja mara mbili ya mwenzake, wanasema kule ugonjwa ni mara mbili, vijana wanawaita watu wa kule "Bamuti Murefu", yaani wale wa mti mrefu, na wanawake wa kwetu wamemfukuza mama mkwe kwenye chemchemi tunayochota sote, akaja mlangoni na ndoo tupu akaniuliza mimi mke wa mwanawe, "Mukamwana, ni wewe njo ulituchora vile?" Mume wangu anataka nipunguze namba yao, Octave anasema namba ni sahihi nisiguse kitu, nami sijui tena, nimesema uongo au sikusema?

Binti yangu, pole. Octave ana haki juu ya namba, mama mkwe ana haki juu ya mchoro; ndiyo sababu umechanganyikiwa. Watazame watu wawili waliosimama ndani ya mto Lualaba pale Nyangwe, maji yamewafika kifuani. Aliyemzidi mwenzake kidogo ataonekana mrefu kupita kiasi, maana maji yameficha miili yao ya chini. Wewe umeficha watoto arobaini kila upande. Mtu akipita ukutani hasomi namba za pembeni, anapima mti kwa macho.

Mwambie mumeo kwamba mtoto mgonjwa hapunguzwi kwa ajili ya ukwe. Nawe, karatasi ikiwa fupi, kila mraba wa karatasi uhesabu watoto watano, siyo mmoja, itatosha. Ungefanya hivyo, miti ingekaribiana, na majirani zako wangeona kwamba watoto wao wanaharisha karibu sawa na wa wenzao. Sasa wanajiona wazima. Wamemfukuza mama mzee, na maji yale yale wanaendelea kunywa.

Leo hii chora upya kuanzia sifuri, ukabandike mchoro huo palepale chemchemini alikofukuzwa mama mkwe.