Wamama wa Alhamisi

Kamanyola, 9 Machi 1975

Mdogo wangu Nsimire,

Pokea salamu zetu sote. Sisi ni wazima, joto la huku bondeni tu linatuchosha. Wewe na watoto mnaendeleaje? Umeanza kula?

Tangu nilipokuacha hapo Kadutu, wiki tatu baada ya kumzika shemeji Philémon, nimekuandikia mara mbili. Jibu hakuna. Ila Tambwe, dereva wa kamio la mizigo, ananiletea habari zako hata nisipouliza. Eti kila Alhamisi nyumba yako inajaa wamama wa shirika, wale majirani wa parokia wanaosali pamoja. Eti kuna Maman Apolline fulani anayeingia jikoni bila kubisha, na watoto wanamwita mama mkubwa. Mama mkubwa! Na mimi je, nimekufa?

Mama alipofariki ulikuwa na miaka minne. Mimi dada yako mkubwa ndiye niliyekubeba mgongoni kila nilipokwenda kuchota maji. Huyo Apolline alikuwa wapi?

Mwezi wa sita tutaondoa matanga. Mkono utakaokuvua nguo nyeusi ni wangu. Waambie.

Yaya wako,
Rosalie

Bukavu, 30 Machi 1975

Yaya mpenzi,

Salamu kwako na kwa shemeji Donatien. Sisi tunajikaza. Kitinda mimba alikuwa na malaria, sasa anacheza. Nisamehe kwa kukawia.

Usinikasirikie nikisema ukweli. Ulipokuwa hapa, kila nilipolia uliniambia ninyamaze, watoto wananiona. Nikanyamaza. Ulipoondoka, siku nne sikutoka kitandani. Maman Apolline, naye ni mjane, akaja akakaa chini, akasema: “Lia tu, maman. Mimi siko na haraka.” Akalia pamoja nami. Kesho yake wakaja wengine watano, huyu na mboga ya sombe, yule na kuni.

Njoo Alhamisi moja uwaone, yaya.

Mdogo wako,
Nsimire

Kamanyola, 21 Aprili 1975

Nsimire,

Salamu. Tuko wazima.

Kwa hiyo nimekulea miaka yote ile, na yeye kwa kulia siku moja amenipita. Sawa. Nimemuuliza Tambwe huyo mama anafananaje. Mfupi, ana mwanya, anacheka sana. Anacheka katika nyumba ya msiba! Siku ile ugali ulinishinda.

Naona wivu, ndiyo, sifichi. Tarehe 14 Juni nakuja na kitenge kipya. Nikimkuta uani kwako, nageuka. Chagua.

Yaya wako

Bukavu, 19 Juni 1975

Yaya,

Habari za huko? Natumaini ulifika salama, maana Tambwe amesema alikushusha hapa Kadutu Jumamosi asubuhi, na jioni akakurudisha.

Tulikungoja mpaka chakula kikapoa. Wamama walitaka kunivua nguo nyeusi, padri asije akaondoka, lakini Maman Apolline akakataa kabisa: “Hii iko kazi ya dada yake. Tumungoje.” Wakarudi makwao. Mpaka leo bado nimeivaa.

Ulimwona tu ukageuka? Unamchukia kiasi hicho? Niambie, nijue nimebaki na nani.

Mdogo wako

Kamanyola, 27 Juni 1975

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi si mzima, nisikudanganye.

Nilifika. Nilisimama nje ya ua wako, kitenge mkononi. Mlikuwa mnasali, kila mama akitaja marehemu wake. Nilikuwa tayari kuingia na kufanya fujo. Ndipo nikakusikia wewe: “Philémon, bwana yangu. Na Firmin, mutoto ya yaya yangu.”

Firmin wangu. Mto Ruzizi ulimchukua akiwa na miaka saba. Huu ni mwaka wa sita, na humu nyumbani hakuna anayelitaja jina lake. Siku ya kumzika, mama mkwe aliniambia: “Nyamaza, utazala mwingine.” Nikanyamaza. Msiba wako ulipofika, neno nililokuwa nalo ni hilo tu, nikakupa.

Wale wamama wakarudia wote pamoja: Firmin. Nsimire, wivu niliouona pale haujawahi kunishika hata kwa Apolline. Watu wasiomjua mwanangu wanamwombea kwa machozi, na mimi niliyemzaa nimesimama njiani macho makavu. Nikakimbia.

Alhamisi ijayo nakuja. Nguo nitakuvua mimi, hilo simwachii mtu. Lakini kwanza mnipe nafasi nikae, hata kando ya huyo mama yako anayecheka, na zamu yangu ikifika msinisaidie. Nitamtaja mwenyewe.

Yaya wako,
Mama Firmin